Tangazo Mlangoni, Mwanachama Ziwani

Msomaji wa pwani akitajiwa Kilwa, mawazo humwenda Kisiwani na magofu yake. Huku Ziwa Mweru Kilwa ni mbili: moja ni kisiwa cha Zambia kinachofikiwa kwa boti kutoka Nchelenge, ya pili ni mji wa Kongo, ng'ambo. Kwa hiyo tangazo likisema "tukutane Kilwa, Jumamosi", lina siku lakini halina mahali. Naanza na mzaha huu kwa sababu neno tunalolijadili, taarifa ya mkutano, vyama vingi hulichukulia kama mzaha.

Nchelenge ni makao ya wilaya katika Mkoa wa Luapula. Kashikishi, penye soko la samaki na Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo, pameungana nayo ufukoni hata mgeni hajui mji mmoja unaishia wapi. Lugha ya hapa ni Kibemba. Kiswahili kinavuka na wafanyabiashara wa Kongo, na tangu mwaka 2017 kimezidi kusikika: wakimbizi waliovuka mpaka walipokelewa Kenani, na kuanzia 2018 wengi wakapewa viwanja vya kujenga na kulima Mantapala, ndani ya wilaya hii hii.

Chama ninachokileta hapa ni cha mfano. Nimekijenga kwa maneno tu. Ni ushirika wa nyumba wa watu wa ufukoni. Walichanga hisa, wakapata ardhi ya kijiji kwa ridhaa ya chifu, wakaanza kufyatua matofali na kujengeana nyumba kwa zamu. Siku moja ya Alhamisi jioni Katibu alibandika karatasi kwenye mlango wa ofisi: mkutano ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Ajenda zilikuwa tatu. Ya kwanza kufungua, ya pili bei ya bati, ya tatu mengineyo. Katika hayo mengineyo ikapitishwa kwamba asiyelipa mchango miezi mitatu mfululizo atashushwa hadi mwisho wa zamu. Mvuvi alikuwa wa nne kwenye orodha. Aliporudi kutoka majini akajikuta wa mwisho.

Wamekaa sasa chini ya nsaka, kile kibanda cha wazi ambacho Wabemba hukitumia kama watu wa pwani watumiavyo baraza. Nimewapa vyeo badala ya majina: kwa Kibemba Bamayo ni mama na Bashikulu ni babu; Mama wa Pweto ametoka ng'ambo, Kongo.

KATIBU: Nianze mimi, maana ndiye ninayesemwa tangu juzi. Masharti yetu yanasema mwanachama "apewe taarifa". Hayasemi siku ngapi, hayasemi kwa njia gani. Nimeandika, nimegonga muhuri, nimebandika. Muuza bati alitupa bei ya zamani mpaka Jumatatu tu. Mlitaka ningoje mwezi, tununue kwa bei mpya?

MVUVI: Ba Katibu, karatasi uliigongea msumari mlangoni. Mimi nilikuwa kambini, kisiwani. Mlango hauna kasia.

KATIBU: Niliweka pia kwenye kundi la WhatsApp, usiku ule ule.

MVUVI: Simu yangu ni kitochi.

BAMAYO: Yangu si kitochi, na bado sikupata. Nilikuwa Copperbelt na magunia ya chisense. Bando liliisha njiani. Jumamosi mchana nimenunua jingine, picha zikaingia zote kwa pamoja: ya kwanza karatasi ya mkutano, ya pili nyinyi mmeshika soda, mkutano umekwisha.

Chisense, kwa asiyewajua, ni dagaa wa Mweru, samaki wadogo wa kukaushwa mchangani. Huvuliwa usiku kwa taa na husafirishwa kwa magunia hadi miji ya migodi. Mama anayewafuata hakai nyumbani. Nataja hili mapema kwa sababu Katibu, kama makatibu wengi, aliandika tangazo lake akimfikiria mtu anayepita mbele ya mlango wa ofisi kila siku. Katika chama hiki mtu wa namna hiyo ni mmoja, naye ni Katibu.

KATIBU: Basi niambieni, nani hakuwepo kwa kosa langu? Mvuvi yuko majini mwaka mzima. Hata ningemtumia barua yenye muhuri wa dhahabu, asingekuja. Bamayo naye, akiwa na magunia barabarani, atayaacha aje kujadili bati? Akidi ilitimia. Waliokuja ndio waliojali. Sheria haimtaki mtu afanye lisilowezekana.

Hoja hii ya "asingekuja hata hivyo" ni ya zamani, na iliwahi kufikishwa mahakamani na watu walio mbali kabisa na dagaa. Mwaka 1920 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza shauri la Bibi Young dhidi ya klabu ya mabibi wa London, Ladies' Imperial Club. Kamati ilikuwa imekutana na kumfukuza uanachama. Mmoja wa wajumbe wa kamati, Duchess wa Abercorn, hakupelekewa taarifa, kwa sababu ambayo Katibu wetu angeielewa vizuri sana: yeye mwenyewe alikwisha kusema kwamba hataweza kuhudhuria. Majaji wakasema hilo haliwapi ruhusa ya kumruka. Mkutano ambao mjumbe mmoja hakuitwa haukuwa mkutano wa kamati, na uamuzi wa kumfukuza Bibi Young ukaanguka.

Wapo wanaoliona shauri hili kuwa uzushi wa mawakili. Mimi naona akili ya kawaida ndani yake. Anayeitwa anaweza kubadili safari. Anaweza kumtuma mtu na neno lake, au kuandika barua ya kupinga, au kumpigia jirani simu na kumwambia "ukifika pale kwenye jambo la zamu, usinyanyue mkono". Kuitwa kuna kazi hata kwa asiyekuja, na Katibu, kwa kukisia kwamba Mvuvi hatakuja, alimnyang'anya vyote hivyo kwa mkupuo mmoja.

MVUVI: Umesikia, Ba Katibu? Hata mke wa mkubwa wa Uingereza alitakiwa aitwe, seuze mimi mwenye hisa kumi.

KATIBU: Huyo alikuwa na tarishi wa kumpelekea barua kwenye sahani ya fedha. Mimi nina baiskeli, na tairi la mbele limekwisha.

Katibu namhurumia. Kazi yake haina mshahara, na lawama zote ni zake. Isitoshe, ushirika wenyewe tunaousoma vitabuni ulizaliwa mahali ambapo kuitana kulikuwa rahisi: wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 waliishi mji mmoja na walifungua duka mtaa mmoja. Mweru ni ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 5,000, karibu nusu yake ya nchi nyingine. Hakuna mwanzilishi wa Rochdale aliyewahi kumsubiri mwanachama avuke maji.

BASHIKULU: Mnaongea sheria za Wazungu kana kwamba hapa hapakuwa na watu wanaoitana. Zamani kulikuwa na imbila.

Nimtafsirie mzee. Imbila kwa Kibemba ni tangazo linalopigwa kwa sauti. Hata Habari Njema ya kanisani huitwa Imbila Nsuma. Atakayesikia mwangwi wa "mbiu" ndani ya neno hilo hatakosea sana masikio yake.

BASHIKULU: Mpiga imbila hakutoka saa nne, watu wakiwa shambani. Alitoka jioni, moshi wa nshima ukiwa juu ya paa. Alijua nyumba ipi ina mtu na ipi haina. Penye nyumba tupu alimwambia jirani, na jirani akishaambiwa amebeba mzigo. Akisahau, kosa lake. Hakubandika kitu.

KATIBU: Basi turudi kwenye imbila, Bashikulu. Lakini imbila hiyo hiyo ilipolia leo, watu walikusanyika leo. Hakukuwa na siku kumi na tano wala ishirini.

BASHIKULU: Kwa sababu waliokusanyika walikuja kusikia. Mkuu alikwisha kuamua. Nyinyi mnasema wenye chama ni wanachama. Anayekuja kusikia anahitaji masikio. Anayekuja kuamua anahitaji siku za kufikiri, na siku za kumuuliza mkewe.

Hapa pakawa kimya kidogo. Nakiri mzee alinipita. Nilidhani amekuja kusifu zamani.

BASHIKULU: Na tena, mambo makubwa yaliyoamuliwa bila mkutano tunayajua. Ziwa hili lenyewe lilihama mikono namna hiyo. Nachituti alipomkuta mwanawe ameuawa na kaka yake Nkuba, akaenda kulia kwa mfalme Kazembe, na Kazembe alipomlipizia kisasi, yule mama akampa kikapu cha udongo na chungu cha maji. Nchi na ziwa vimekwenda. Hakuna aliyeitwa nsakani.

MVUVI: Na mpaka leo wanabishana ziwa ni la nani.

Simulizi ya Nachituti kila mtu wa Luapula anayo, na kila upande una namna yake ya kuisimulia. Bashikulu aliitupa tu kama mtu anavyotupa kuni motoni. Lakini alikuwa na kuni nyingine.

BASHIKULU: Mimi nilikuwa kijana Januari 1965, Rais Kaunda aliposimama Chifubu, kule Ndola, akawaambia watu waunde vyama vya ushirika. Serikali ikalipa watu kung'oa visiki. Vyama vikaota kama uyoga wa Desemba. Visiki vilipokwisha, vyama vingi navyo vikaisha. Mnajua kwa nini? Watu waliitwa siku ya kugawana. Siku ya kuhesabu hawakuitwa.

Wanahistoria watakuwa na sababu nyingine za kuongeza: mikopo, mashamba mabaya, wasimamizi wachache. Mzee nimemwachia yake.

KATIBU: Sasa naomba nisikilizwe kwa jambo zito. Mwaka 2022 Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo uliongezwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo. Vyama vinaweza kuomba ruzuku na mikopo humo. Fomu zina mwisho wake. Mwisho huo haupangwi na mimi, haungoji mwezi wala boti. Wakitaka muhtasari wa mkutano uliopitisha maombi, na imebaki wiki moja, nifanye nini? Niwaambie pesa zikae, wanachama wako kambini?

BAMAYO: Hapo una haki, Ba Katibu. Pesa hiyo ikipita, imepita.

Nami nasema ana haki. Wanaotetea taarifa ndefu hupenda kujifanya kwamba haraka zote ni za hila. Si kweli. Nyingi zinatoka nje ya chama: ofisi ya wilaya, muuza bati, mvua iliyowahi. Chama kisichoweza kukutana kwa siku tatu kitakosa vitu. Lakini angalia Katibu alichofanya na haraka hiyo. Aliita watu kwa ajili ya bati, jambo la haraka kweli, kisha ndani ya chumba hicho hicho, mbele ya watu wachache hao hao, likapitishwa jambo la zamu ambalo halikuwa na haraka yoyote. Bati lilifungua mlango, zamu ikaingia nyuma yake.

KATIBU: Zamu haikuwa yangu. Mwanachama mmoja alisimama kwenye mengineyo akaileta. Ningemzuia vipi?

MVUVI: Kwa mdomo huo huo unaonijibu nao.

Mengineyo! Nani aliyetuletea kifungu hiki? Kila ajenda ya Kiswahili niliyowahi kuiona, ya shule, ya msiba, ya mtaa, ina mkia huo. Kazi yake halali ni ndogo: kutangaza kwamba ufunguo wa choo umepotea, kumpongeza aliyejifungua. Lakini kwa kuwa hakina jina, kila kitu kinaenea ndani yake. Katika shauri lile la 1920 kulikuwa na doa la pili. Taarifa ya mkutano ilisema tu kwamba kamati itapokea ripoti na kujadili suala la Bibi Young na mwenzake. Majaji wakaona haitoshi: anayesoma "kujadili suala la fulani" hajui kwamba fulani anakwenda kufukuzwa. Kama kumtaja mtu kwa jina hakukutosha, mengineyo itatosha vipi kumshusha Mvuvi kutoka wa nne hadi wa mwisho?

Na kuna tofauti kati ya ushirika wa nyumba na ushirika wa mbolea ambayo watu wa Luapula wanaweza wasiione haraka, kwa kuwa wengi walijiunga na vyama ili wapate mbolea ya ruzuku. Ukikosa mkutano wa mbolea umekosa mfuko, na mwakani kuna mifuko mingine. Nyumba za zamu ni nyingine. Dar es Salaam, wakazi waliokabiliwa na kuhamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari waliungana wakanunua ekari 30 huko Chamazi; nyumba hazikusimama zote siku moja, na katika ujenzi wa namna hiyo nafasi yako kwenye orodha ndiyo miaka yako ya kuendelea kulipa kodi. Kumshusha mtu nafasi ni kumpangisha upya.

MAMA WA PWETO: Niseme na miye? Miye si mwanachama. Bwana yangu ndiye mwanachama, na yuko majini; anavuaga na huyu Mvuvi.

BAMAYO: Sema, mama. Nsaka haina tiketi.

MAMA WA PWETO: Mkutano wa kabla ya huu, Katibu alinileteaga barua nyumbani. Vizuri, nilimshukuru. Ilikuwa ya Kiingereza. Miye nasoma Kiswahili, na Kifaransa kidogo cha shule. Kibemba nasikia, kusoma bado. Nikaikunja, nikaiweka kwenye Biblia. Bwana aliporudi aliikuta pale kwenye Zaburi, mkutano umepita siku tisa. Hiyo ilikuwa taarifa ao haikuwa?

KATIBU: Kiingereza ndiyo lugha ya serikali, mama. Muhtasari na barua za chama vinakwenda ofisini kwa Kiingereza. Siwezi kuandika mara tatu.

MAMA WA PWETO: Ofisi haikuwa imealikwa kwenye mkutano.

Nimeijaribu hoja hii pande zote na sijapata jibu la Katibu ambalo lingenitosha. Muhtasari ni wa mrajis. Tangazo ni la mwanachama. Mistari minne ya Kibemba, na mistari minne ya Kiswahili kwa nyumba zinazohitaji, haimalizi kalamu. Kinachobaki kigumu ni swali la pili la Mama wa Pweto, lile alilolificha kwa heshima: barua iliyoachwa kwa mke ni taarifa kwa mume?

KATIBU: Kwa desturi ni taarifa. Mke na mume ni nyumba moja.

BAMAYO: Kwa kupokea barua ni nyumba moja. Kwa kupiga kura mbona si nyumba moja? Mama huyu angekuja Jumamosi na barua mkononi mngemwambia asikilize tu kutoka nje.

KATIBU: Masharti yanasema mwanachama mmoja, kura moja.

BAMAYO: Ndiyo. Basi barua moja, mwanachama mmoja.

Binafsi nisingekwenda mbali kiasi hicho. Kumpelekea kila mvuvi karatasi mkononi, kambi kwa kambi, kutamaliza mchango wa mwaka kwa mafuta ya boti. Afadhali mwanachama mwenyewe, siku anapojiunga, aandike kwenye daftari njia anayotaka kufikiwa kwayo: namba ya simu ya ujumbe mfupi, au mtu mmoja wa ufukoni atakayepokea na kutia saini kwa niaba yake. Akimtaja mkewe, ni yeye aliyemtaja. Akimtaja mnunuzi anayekwenda kambini kila siku kuchukua samaki, vizuri zaidi, maana chombo hicho kinafika. Kambi haijatengwa na dunia kama Katibu anavyodai. Samaki wanaotoka huko kila asubuhi hawatoki kwa kuruka. Na kanisa? Lilitajwa, likaachwa haraka: wapo Wakatoliki, wapo Wasabato, wapo Mashahidi wa Yehova, na tangazo la ibada moja ni siri kwa wengine.

MVUVI: Tuseme siku ngapi, basi. Maneno yamekuwa mengi.

Kuhusu siku, wenzetu wa Kenya wana jibu lililoandikwa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya ya mwaka 1997 inataka mkutano mkuu uitishwe kwa taarifa ya maandishi ya siku zisizopungua 15. Inaongeza jambo ambalo Katibu hakulipenda nilipolisoma: wanachama wakidai mkutano na kamati ikakaa kimya, wanaweza kuuitisha wenyewe, ili mradi wataje sababu na waseme kwamba kamati imeshindwa. Zambia nayo ina sheria yake, Na. 20 ya 1998, na chini yake kila chama kina masharti yake. Hapo kwenye masharti ndipo chama chetu cha mfano kilipoacha pengo: "apewe taarifa", nukta.

Lakini namba peke yake haitoshi, maana siku huhesabiwa kwa ujanja. Katibu akibandika tarehe 1 na kukutanisha watu tarehe 15, atasema ametoa siku 15. Kwa hesabu ya siku kamili, ile isiyohesabu siku ya kutoa wala siku ya kukutana, ametoa 13. Ili ziwe 15 kamili, mkutano uwe tarehe 17. Siku mbili si nyingi kwa anayekaa Kashikishi. Kwa anayesubiri boti, ndizo zenyewe.

MVUVI: Mimi sihesabu tarehe hizo. Nahesabu mwezi.

KATIBU: Mwezi upi?

MVUVI: Ule wa juu. Chisense tunawavua kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, tunarudi nyumbani kushona nyavu na kulala. Unataka mkutano wa dharura na sisi tuwepo? Tazama juu. Mbalamwezi ikijaa, tuko hapa.

BAMAYO: Na kama ninyi mko hapa, mzigo wangu ni mdogo, na mimi niko hapa.

Katibu aliandika kitu kwenye daftari lake. Sikuona ni nini, ila alitazama kalenda ya ukutani, ile ya kampuni ya mbegu yenye alama za mwezi mwandamo, ambayo kwa muda wote huo ilikuwa ikining'inia hatua mbili kutoka mlango wake wenye misumari.

KATIBU: Na mkutano mkuu wa mwaka? Huo hauwezi kufuata mwezi wa juu. Una hesabu, ukaguzi, uchaguzi.

BASHIKULU: Serikali imekwisha kukupangia.

Mzee alimaanisha kufungwa kwa uvuvi. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, sheria ya Zambia inawaondoa wavuvi majini ili samaki wazaliane. Kambi zinapungua watu, nyavu zinaanikwa, wanaume wanaonekana mjini mchana.

KATIBU: Ni masika! Barabara za mashambani ni tope, watu wanapanda mihogo na mahindi. Tena ni miezi ya njaa, hakuna mwenye ngwee mfukoni. Nani atalipa mchango?

MVUVI: Mkutano wa kuhesabu pesa unataka watu, Ba Katibu. Pesa tutaleta Machi.

BAMAYO: Na matofali hayachomwi kwenye mvua. Tukiamua Januari nani anajengewa, tukifika Mei udongo umekauka, tanuru linawashwa bila kugombana. Mwaka huu mmeamua katikati ya ujenzi, ndiyo maana nyumba ya nne ina msingi wa mtu mmoja na orodha ina jina la mwingine.

Hilo sikulijua, na ndilo lililonimaliza. Msingi wa nyumba ya nne ulichimbwa na Mvuvi na ndugu zake, kabla hajarudi majini.

Mimi, kama ningekuwa na kura chini ya nsaka ile, ningepiga hivi. Ununuzi wa bati ubaki: ulikuwa kwenye ajenda, ulikuwa wa haraka, na bei iliokolewa. Mkutano wa haraka uruhusiwe hata kwa siku tatu, ila uwe na jambo moja tu, na jambo hilo lisiguse zamu, hisa wala uanachama wa mtu yeyote. Mikutano mingine yote iwe kwa siku 21 kamili, nyingi kuliko za Kenya, kwa sababu Kenya haikuandika sheria yake ikifikiria mtu aliyeko kambini Mweru. Jambo litakalomgusa mtu liandikwe kwa jina lake waziwazi, katika lugha anayoisoma. Mengineyo iachiwe funguo za choo na pongezi. Na uamuzi wa zamu uliopitishwa Jumamosi ile haukupitishwa. Mvuvi ni wa nne.

Katibu alikubali la bati papo hapo. La zamu alisema litarudishwa kwenye mkutano, akauliza siku gani. Bashikulu alimwonyesha ziwa. Uvuvi unafunguliwa tarehe 1 Machi.